Mlango wa Mamba na Ute wa Bamia

Songoro alitoka majini akicheka, na kabla hajavua miwani akatapika.

Kilichotoka hakikuwa kingi. Tangu daku hakuwa ameweka kitu mdomoni, kwa hiyo kilitoka kiasi cha kujaza kiganja, cheusi, chenye chembechembe kama mashapo ya kahawa. Kikatua kwenye saruji ya gati, mbele ya viatu vya Dokta Mwamini. Mwamini alikuwa na kipimo cha mapigo mkononi, tayari kumpima kama alivyompima kila alipoibuka. Hakukitumia. Damu iliyoungua kwa tindikali ya tumbo daktari yeyote huijua kwa macho.

"Usinitazame hivyo, shemeji," Songoro alisema, akijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Ni maharage ya mdogo wako. Tangu daku yamenikaa hapa kifuani."

"Maharage hayatoki meusi."

"Ya Sikitu yanatoka. Umekua naye nyumba moja, umeshasahau?"

Wapiga mbizi waliokuwa wakivaa kwa zamu inayofuata wakaangua kicheko. Bi Tausi, mkuu wao, mwanamke wa mabega mapana aliyeongea siku zote kama anamwita mtu wa ng'ambo, akachota ndoo ya maji ziwani akausukumia mbali ule uchafu.

"Ya jikoni kwenu yaishie jikoni kwenu," akasema. "Songoro, kivulini. Nani anafuata?"

Aliyefuata akaingia majini. Kazi haikusimama hata dakika. Mwamini akabaki pale pale, jua la Ujiji likimchoma utosini, koo limemkauka kwa saumu yake mwenyewe, akijisemea kimoyomoyo: jamani, jamani, nimefanya nini.

*

Kituo kile watu walikiita Mdomo, na kweli kilikuwa kinakunywa. Bomba lake lilishuka kwenye kina cha Ziwa Tanganyika, likavuta maji na kuyapandisha Tabora na mbele ya Tabora, kwenye miji ambayo visima vyake vilikauka wakati wazee wa leo walipokuwa watoto. Shida ya bomba hilo ilikuwa moja. Likimeza hewa, mvuto unakatika, na kuurudisha ni kazi ya wiki nzima huku bara yote ikikinga ndoo kavu. Kwa hiyo anayeshuka kusafisha machujio yake haruhusiwi kubeba mtungi wa hewa wala kutoa povu. Mashine zilijaribiwa zamani. Konokono wadogo wa ziwani walijazana kwenye viungo vyake zikakwama zote. Akabaki binadamu, na pumzi ya binadamu ni fupi.

Ndipo Mwamini alipoleta mlango wa mamba.

Moyo wa mtu una njia mbili. Upande wa kulia unapeleka damu iliyochoka mapafuni ikachukue hewa, upande wa kushoto unaipokea ikirudi na kuisukuma mwilini. Mtu akizama, mapafu hayana hewa mpya ya kutoa, lakini moyo unaendelea kuyapelekea damu vile vile, kama mteja anayerudi kila saa kwenye duka lililofungwa. Mamba hafanyi ujinga huo. Akizama anaubana mlango wa kwenda mapafuni, na damu inakata kona kupitia mshipa wa pili, inarudi mwilini moja kwa moja. Anatulia chini mpaka swala asahau kwamba yupo.

Mwamini alikiotesha kilango hicho maabara, kwa nyama ya mtu mwenyewe, akakipandikiza. Mpiga mbizi aling'ata kipande cha mpira walichokiita gego, na moyo ukajua kwamba sasa tunazama. Akiibuka anaachia, mlango unafunguka. Miguuni walivaa soksi ndefu za kubana, zilizoigwa kwenye ngozi ya miguu ya twiga, ili wakitoka majini damu isiwashukie yote miguuni wakaanguka. Kila mnyama alikuwa ameshatatua shida yake, alipenda kusema Mwamini. Kazi yetu ni kuomba kwa adabu.

Alipoomba kwa mamba, akachukua mpaka asichokihitaji. Ule mshipa wa pili wa mamba unapita tumboni. Damu inayopita humo imejaa hewaukaa, ile hewa chafu ambayo sisi tunaitoa puani, na tumbo la mamba linaitumia kutengeneza tindikali kali ya kuyeyusha mifupa. Mwamini alilijua hilo tangu mwanzo. Alijaribu kuuelekeza mshipa kwingine, na kwingine kote moyo ulielemewa. Ulipoelekezwa tumboni tu ndipo ulipotulia. Akasema, basi, tutayaangalia matumbo yao kwa makini.

Waliyaangalia, na matumbo yalikuwa mazuri ajabu.

Sasa sikiliza kosa lilipokaa. Majaribio yalifanyika kwenye bwawa la Kituo, na waliojitolea walikuwa watu wa hapa hapa, wa Ujiji, wa Gungu, wa Mwanga. Utamwitaje mtu akupe moyo wake uupasue, halafu umtie majini na njaa? Mwamini mwenyewe alisimamia masufuria. Uji wa asubuhi, mihogo, migebuka ya ziwani iliyoungwa kwa mawese. "Hapa hatumfanyishi mtu kazi na njaa," alikuwa akisema, na aliyejidai ameshiba alikemewa mpaka akapakua tena. Tangu jaribio la kwanza hadi la mwisho hakuna aliyezama na tumbo tupu. Tindikali ilikuja ikakuta ugali, ikafanya kazi yake, chakula kikasagika upesi, watu wakaomba nyongeza. Walinenepa. Walimsifu mjini kote.

Na hii ilikuwa Ramadhani ya kwanza tangu mlango uanze kazi.

*

"Vidonge vya kuzuia tindikali?" aliuliza Injinia Bihagaze, mkuu wa Kituo, mtu mpole mwenye macho ya kukosa usingizi.

"Wanavyo. Wanameza wakati wa daku, na saa nne asubuhi nguvu yake imekwisha. Ile damu inasukuma tindikali kuliko kidonge kinavyozuia." Mwamini alikuwa amekataa kukaa. "Wazame usiku, Injinia, wakishakula."

"Usiku lazima tuwashe taa chini. Ukiwasha taa, dagaa wote wa ziwa wanaifuata, wanajaa kwenye machujio. Tulijaribu. Tulivuna dagaa, maji hatukupata."

"Basi wafungue. Mgonjwa ameruhusiwa kufungua."

"Kawaambie."

Nikiwaambia wanaumwa, alifikiri Mwamini, watauliza wanaumwa nini. Nikisema kinachowala ni kile nilichowapandikiza mimi, kesho hakuna atakayezama, na watakuwa na haki. Aliona bomba limenyamaza. Aliona wanawake wa Tabora wamepanga ndoo kwenye mabomba makavu, na joto lile la mwezi ule lililokuwa limeanza kuua vichanga. Halafu aliona, na hilo alilionea aibu kuliko yote, jina lake mwenyewe kwenye midomo ya watu waliokuwa wakimsifu.

"Mwamini," Injinia alisema taratibu, bila kumtazama. "Fanya utakalofanya. Mimi nisijue."

Alitoka pale akaenda moja kwa moja sokoni.

*

Sikitu alikuwa uani kwake, amekaa kwenye kibao, anapasua migebuka ya futari. Alionja chumvi ya mchuzi kwa ncha ya ulimi, akatema pembeni, akamkaribisha dada yake kwa kidevu kwa sababu mikono ilikuwa na magamba.

"Dada, nikuulize kitu usinicheke. Moyo wa mume wangu sasa ni wa mtu au wa mamba?"

"Wa mtu. Ameongezewa mlango tu."

"Na huu?" Sikitu akanyanyua kwa ncha ya kisu moyo wa mgebuka, mwekundu, mdogo kama haragwe.

Mwamini akauchukua kiganjani. Alifurahi kuulizwa kitu ambacho jibu lake halikuwa na aibu ndani yake. "Huu una vyumba viwili tu. Damu inatoka hapa, inapita kwenye matamvua kuchukua hewa, inazunguka mwili, inarudi. Njia moja. Chura ana vyumba vitatu, damu safi na chafu zinakutana mle mle na wala haumwi. Kuku ana vinne kama mimi na wewe."

"Na kumbikumbi?"

"Kumbikumbi hana mishipa kama yetu. Damu yake imemwagika tu humo ndani, utumbo na kila kitu vinaogelea. Ndiyo maana ukimbonyeza..."

"Ah, ishia hapo hapo! Nimefunga, mwenzio."

Wakacheka. Kisha Sikitu akakiona kikapu. "Bamia zote hizo za nani? Wewe si ulikuwa ukiziona unahama meza?"

"Za kazini."

"Siku hizi mnapika bamia kazini?"

"Ni za dawa."

Haukuwa uongo, na kwa kuwa haukuwa uongo ulimuuma zaidi. Sikitu akarudi kwenye samaki wake. Alikuwa na furaha ambayo Mwamini hakuwa ameiona kwake kwa miaka.

"Mama kaniuliza tena leo," alisema. "'Mumeo bado anafunga?' Kila siku lazima aulize. Nikamwambia bado, Mama, hajala hata moja. Unakumbuka alivyoapa? Songoro akimaliza Ramadhani hii bila kuivunja, atamwita mwanangu. Miaka yote ile ya gongo hakuwahi kumpa hata mkono, Dada. Sasa nasikia anamtafutia kanzu ya Idi."

"Mama? Anatafuta kanzu?"

"Mama yule yule. Kaulizia mpaka urefu wa mikono."

Mwamini akainamia kikapu chake akajifanya anazipanga bamia.

Nyumbani alizichemsha, akazikamua, akauchuja ute wake mara nyingi mpaka ukabaki mwangavu, hauna rangi, na harufu imebaki kidogo sana. Ulikuwa mnato na utelezi. Ukishuka tumboni ungetanda ukutani na kuzuia tindikali kwa muda wa mbizi moja. Aliujaribu kwenye tumbo la mbuzi kutoka machinjioni na ukafanya kazi vizuri. Kisha akachukua magego yote ya Kituo, siyo la Songoro peke yake, maana ule mlango haukuchagua mtu. Katikati ya kila gego akatia ute. Mpiga mbizi aking'ata, ute unatoka kidogo kidogo, unachanganyika na mate, anaumeza bila kujua.

Akamaliza akanawa mikono. Harufu ya bamia haikutoka kwenye vidole, na yeye bado alikuwa amefunga.

*

Songoro hakutapika tena. Wala hakutapika mwingine yeyote. Wale waliokuwa wakishika vifua baada ya mbizi wakaacha kuvishika. Maji yakapanda Tabora.

Mwamini ndiye aliyeanza kukonda. Wakati wa kupima mapigo alitazama mashine, hakutazama nyuso. Msikitini alijipanga safu ya nyuma kabisa, karibu na viatu, na imamu alipoomba saumu za watu zipokelewe, alishindwa kuitikia amina. Ilimjia akilini kwamba yeye alikuwa akila saumu za watu wengine. Alijitetea kwa hoja zote. Nimewaokoa. Wangekufa. Mtu asiyejua hana dhambi. Hoja zilikuwa nzuri, zilipangika, na kila alfajiri aliamka nazo zikiwa hazina nguvu, akajaza magego upya.

Katika kumi la mwisho, asubuhi moja, Songoro alimfuata kwenye meza ya vipimo. Alikuwa amenyoa vizuri. Uso wake, ambao zamani gongo ilikuwa imeuvimbisha, ulikuwa umerudi kuwa uso wa kijana.

"Shemeji, nataka kukwambia kitu cha kweli, siyo utani."

"Sema."

"Ile siku niliyotapika nilidhani nimeshindwa. Nilisema moyoni, Songoro, wewe ni mlevi tu, hata saumu imekukataa. Nikaomba. Nikamwambia Mungu, nipe hii moja tu, nimtazame mama mkwe usoni." Akajipiga tumbo kwa kiganja. "Tangu siku ile, limetulia. Sisikii njaa, sisikii moto. Amepokea, shemeji. Mimi, na uchafu wangu wote, amenipokea."

"Alhamdulillahi," Mwamini alisema.

"Ndiyo maana nimejitolea."

"Umejitolea nini?"

Sauti ya Bi Tausi ikajibu kutoka upande wa pili wa gati. "Chujio la chini limeziba! Alasiri mtu anashuka. Songoro kasema ataliweza, na kwa tumbo lake hilo la siku hizi namwamini. Dokta, mpime vizuri."

Chujio la chini lilikuwa mbali kuliko yote. Kulifikia, kulikwangua na kurudi kulitaka gego ling'atwe muda mara tatu ya mbizi ya kawaida. Mwamini hakuhitaji kupiga hesabu. Ute ungekwisha Songoro akiwa bado kazini, na kile kidonda cha zamani, ambacho ute ulikifunika tu bila kukiponya, kingetoboka. Angevujia ndani, kwenye maji ya giza, hana hata povu la kuombea msaada.

Njia rahisi ilikuwepo. Yeye ndiye aliyeshika kipimo. Angesema tu moyo haujatulia, Songoro asingeshuka, maisha yangeendelea.

"Songoro," alianza, "moyo wako..."

Songoro akasimama wima. Kicheko chote kikamtoka. "Una nini moyo wangu?"

Mwamini akakishusha kipimo.

"Niambie tu, shemeji. Ukisema wewe nisishuke, sishuki. Ukisema nilale, nalala. Wewe huwezi kunidanganya."

Hakuwa akimtega. Alikuwa akisema alichokiamini, na hicho ndicho kilichomshinda Mwamini.

"Njoo huku," akasema.

*

Walisimama nyuma ya stoo ya mavazi, soksi za twiga zikining'inia juu yao kwenye kamba zikidondosha maji.

"Moyo wako hauna kitu," Mwamini alisema. "Songoro, hujafunga."

"Nini?"

"Tangu siku uliyotapika. Mlango niliokuwekea unapeleka tindikali tumboni. Mtu akishiba haina neno. Mwenye njaa inamla. Sikulijua hilo, maana niliwalisha wote wakati wa majaribio, na nilipolijua sikusema. Nimekuwa nikitia ute wa bamia ndani ya gego. Ukizama unaumeza. Kila mbizi, umekula."

Songoro alilichomoa gego lake kiunoni. Akaligeuza mkononi. Kisha akalinusa, taratibu, kama mtu anayenusa nguo ya marehemu.

"Kumbe," akasema. "Nilikuwa nasikia harufu ya jikoni kwangu huko chini. Nikadhani njaa inanichezea. Nikasema, tazama Ibilisi alivyo, ananifuata mpaka ndani ya maji. Nikazidi kuomba."

"Nisamehe."

"Usiniambie nikusamehe sasa hivi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama yako anaulizia urefu wa mikono yangu."

"Nitamwambia mwenyewe. Nitamwambia ni mimi, wewe huna kosa, hukujua. Mungu hawezi kukuhesabia usichokijua. Hata ukimuuliza shehe..."

"Shemeji!" Akapiga ukuta wa stoo kwa kiganja, soksi zikatikisika. "Mimi nimekunywa gongo miaka mingi. Nimemtia mdogo wako aibu, nimelala mitaroni, nimeuza mpaka vyombo vya ndani. Lakini nilipokuwa nakunywa, nilikuwa najua ninachokunywa. Hata ulevi wangu ulikuwa wangu. Hii Ramadhani niliyodhani ni yangu, umenilisha kama mtoto mchanga."

Mwamini akalia. Hakujifunika uso. Songoro hakumbembeleza, wala hakuondoka.

"Ungekufa," Mwamini alisema.

"Ungeniambia hivyo. Ningefungua, ningelia, ningelipa baadaye. Watu wanalipa saumu kila mwaka. Mlevi naye ana akili ya kuchagua." Akainua kichwa ghafla. "Na wenzangu?"

Mwamini akazitazama soksi zilizoning'inia juu yao.

"Dokta, nimekuuliza. Wenzangu?"

Hakuwahi kumwita Dokta. "Wote," Mwamini akasema.

"Hata Bi Tausi?"

"Wote."

"Mungu wangu. Na ungewaambia lini? Mimi umeniambia kwa kuwa ni mume wa mdogo wako, na kwa kuwa nilikuwa nashuka chini. Nisingejitolea leo, je?"

Mwamini akajifuta machozi. "Nisingesema," akasema.

Songoro akavuta pumzi ndefu, akaitoa. Alikwenda kwa Bi Tausi akamwambia kwamba hashuki, na kwamba Dokta ana neno na watu wote jioni kwenye bwalo, zamu zote. Bi Tausi alimtazama usoni mmoja, akamtazama na mwingine, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue hakusema kitu. Chujio la chini likabaki limeziba.

*

Bwalo la wapiga mbizi lilikuwa limetandikwa mikeka. Katikati kulikuwa na sinia za tende, mabakuli ya uji wa pilipili manga, mihogo, migebuka katika mawese mekundu. Watu walikuwa wamekaa wameizunguka futari wakingoja adhana, kila mmoja na tende yake mkononi, na ule utani mdogo mdogo wa dakika za mwisho. Mmoja alikuwa akimwambia mwenzake asiichungulie sana tende itaona haya. Sikitu naye alikuwepo. Alikuwa ameleta chungu cha maharage, na alipomwona dada yake akiingia alimpungia kwa furaha. Nyuma ya Mwamini, Injinia Bihagaze aliegemea mlango, akainamisha macho.

Mwamini hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama. Alieleza mlango, mshipa wa pili, na tindikali ya mamba. Alieleza masufuria yake ya wakati wa majaribio, na jinsi ukarimu wake ulivyoficha kosa lake. Halafu akaeleza bamia. Hakumtaja Injinia, ingawa Injinia alimngoja amtaje. Alipofika kwenye magego sauti ilimkatika, akaianza upya sentensi ile ile mpaka akaimaliza.

"Msizame tena mkiwa mmefunga," akasema mwishoni. "Ambaye hataki mlango tena nitamwondolea. Bomba likisimama, nitakwenda Tabora kuwaambia ni kwa sababu yangu."

Hakuna aliyepiga kelele. Angependelea wapige. Sikitu alikuwa akimwangalia mume wake, na Songoro alikuwa amemshika mkono.

Adhana ikaanza kutoka msikitini, ikaingia kwa madirisha, ikajaa bwalo. Kila siku sauti hiyo ilifuatwa na bismillahi za haraka na milio ya vijiko. Leo mikono ilibaki hewani.

"Sasa mimi," alisema mpiga mbizi mmoja, akiitazama tende yake kama kitu alichookota njiani, "mimi nafungua nini?"

Bi Tausi akachomoa gego lake kiunoni akaliweka juu ya mkeka, mbele ya sinia. Wa pembeni yake akaliweka lake. Likafuata jingine, na jingine, mpaka yakawa fungu. Injinia akageuka akatoka nje kwenda kutoa taarifa kwamba kesho hakuna maji.

Bi Tausi akanyanyuka. Alichagua tende moja kutoka sinia, nzuri, iliyojaa, akaipangusa kwa ncha ya mtandio wake. Akaja mpaka mbele ya Mwamini na kumwekea kiganjani. Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini sauti yake ilikuwa ile ile ya kuita ng'ambo.

"Kaa chini, Dokta, ule. Ya kwako tutayasikiliza ukishakula, maana hapa hatumhoji mtu na njaa. Wewe ndiwe uliyetufundisha hivyo." Akarudi mahali pake, akakaa, akaikunja mikono. "Anza wewe. Humu ndani umefunga peke yako."

Mwamini akakaa kwenye mkeka. Watu wote wakamngoja, kwa adabu, kama anavyongojwa mgeni. Akaitia tende mdomoni, akaanza kutafuna.